Kivuli Salama: Kuitambua na Kuidhibiti Miti Mibovu Kando ya Njia za Buguruni

Utangulizi

Katika huduma za mkoba za mama na mtoto, mizani ya kupimia uzito wa watoto huning'inizwa mahali panapoaminiwa kuwa imara, na mara nyingi mahali hapo ni tawi la mti. Mtoto huinuliwa, mshale husomwa, kadi hujazwa, na akina mama wengine husubiri zamu zao wakiwa wameketi kivulini. Mtoa huduma amefundishwa kuihakiki mizani kabla ya kuanza kazi, mshale uwe kwenye sifuri. Ni nadra mtu kuinua macho na kulihakiki tawi lenyewe.

Buguruni ni moja ya kata zenye msongamano mkubwa katika Jiji la Dar es Salaam. Hapo Barabara ya Uhuru hukutana na Barabara ya Mandela, soko huanza kuchangamka kabla ya mapambazuko, na uchochoro mmoja huwa njia, uwanja wa watoto na mahali pa biashara kwa wakati mmoja. Mahali kama hapo kivuli ni mali. Chini ya mwarobaini utamkuta mama lishe na masufuria yake. Chini ya mwembe, fundi cherehani na wateja wake. Chini ya mkungu, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Jua la saa saba mchana humfanya kila mwenye kazi ya nje autafute mti, na kwa wagonjwa wa moyo, wazee, wajawazito na watoto wachanga kivuli hicho ni kinga ya afya kwa maana halisi ya neno.

Hata hivyo, mti unaotoa kivuli waweza pia kuua. Tarehe 15 Agosti 2017, katika kisiwa cha Madeira nchini Ureno, mti mkubwa uliangukia waumini waliokusanyika kwa sikukuu ya kidini, na watu 13 wakapoteza maisha. Tarehe 24 Mei 2023, katika jiji la Freetown nchini Sierra Leone, mvua kubwa iliuangusha msufi maarufu uliokuwa alama ya taifa hilo. Msufi huo ni wa jamii ileile ya misufi inayoota katika pwani ya Afrika Mashariki.

Makala hii inaeleza jinsi mti unavyooza, jinsi ya kuukagua kwa macho na kwa mikono, hatua zinazofaa kuchukuliwa kabla ya kufikiria kuukata, na namna ya kumhudumia mtu aliyeangukiwa na mti. Lengo si kuwafanya watu waiogope miti. Nchini Uingereza, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, hatari ya mtu kufa kwa kuangukiwa na mti hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 kati ya watu milioni 10 kwa mwaka. Hatari ni ndogo. Lakini hatari hiyo haigawanyiki sawasawa: huongezeka sana pale ambapo mti mbovu na watu wengi hukutana mahali pamoja kila siku, kwa saa nyingi.

Mti hauponi kama mwili unavyopona

Ngozi ya binadamu ikikatwa, mwili hulisafisha jeraha na kuijaza nafasi ileile kwa tishu mpya. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyokwisha kuharibika haibadilishwi na nyingine mahali palepale. Mtaalamu wa Kimarekani Alex Shigo, aliyekuwa akifanya kazi katika Idara ya Misitu ya nchi yake, alipasua mashina mengi kwa msumeno kutoka juu hadi chini ili aione njia ambayo ubovu huipitia. Katika miaka ya 1970 alieleza kwamba mti uliojeruhiwa hujikinga kwa kujenga kuta nne.

Ukuta wa kwanza huziba mirija ya maji juu na chini ya jeraha. Huu ndio dhaifu kuliko zote, na ndiyo sababu ubovu husafiri kwa urahisi kufuata urefu wa shina. Ukuta wa pili huuzuia ubovu usielekee moyoni mwa mti. Ukuta wa tatu huuzuia usizunguke pembeni. Ukuta wa nne hujengwa na tabaka hai lililo chini ya gome baada ya jeraha kutokea, nao ndio imara kupita yote: hutenganisha mbao iliyokuwapo siku ya jeraha na mbao yote itakayoota baada ya siku hiyo.

Mtoa huduma ya afya ataona mfanano na kifua kikuu kilichojificha. Mara nyingi mwili wa mtu aliyeambukizwa hauwaui vimelea wote. Huwazungushia ukuta wa seli, na mtu huyo huishi miaka mingi bila dalili. Ukuta ukidhoofika, ugonjwa huibuka. Mti nao huishi na ubovu wake kwa miongo kadhaa, ukiwa na majani mabichi na maembe ya kutosha, huku kuvu na mchwa wakiendelea na kazi yao ndani ya eneo lililozungushiwa ukuta. Kwa hiyo ubichi wa majani si ushahidi kwamba shina ni zima. Majani hulishwa na tabaka jembamba lililo karibu na gome, ilhali uimara wa mti hutegemea mbao ya ndani.

Kuvu wenyewe hawafanani. Wapo wanaomeng'enya zaidi kile kinachozifunga nyuzi za mbao pamoja, na mbao hubaki laini, nyeupe na yenye nyuzinyuzi. Mti wa namna hiyo huweza kupinda na kutoa dalili kabla ya kuvunjika. Wapo wanaokula nyuzi zenyewe, na mbao hubaki ya kahawia, kavu, yenye kumeguka vipande kama matofali madogo. Mti wa namna hii huweza kukatika ghafla.

Uvungu si hukumu ya kifo

Watu wengi wakiona shina lenye uvungu husema mti ukatwe. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haraka mno. Bomba la chuma ni tupu ndani, lakini hubeba mzigo mkubwa, kwa sababu nguvu ya kuhimili kupinda hutoka zaidi kwenye ukingo wa nje kuliko katikati. Hesabu ya uhandisi huonyesha kwamba shina la mviringo lenye uvungu wa nusu ya kipenyo chake hupoteza takriban asilimia 6 tu ya nguvu hiyo. Uvungu ukifikia sehemu 7 kati ya 10 za kipenyo, upotevu hufika takriban asilimia 24, na kutoka hapo huongezeka kwa kasi.

Ndiyo maana katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Kijerumani Claus Mattheck alipendekeza kanuni inayotumika hadi leo kama mwongozo wa awali: mbao nzima inayouzunguka uvungu isipungue asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina. Kwa shina lenye kipenyo cha sentimita 60, ukuta huo usiwe chini ya sentimita 9. Kanuni hii ina mipaka yake. Uvungu uliofunguka upande mmoja huufanya mti ufanane na bomba lililopasuliwa, na bomba lililopasuliwa hukunjika kwa urahisi. Vivyo hivyo kwa shina lenye ufa mrefu au mizizi iliyooza: unene wa ukuta peke yake hautoshi kulitolea uamuzi.

Kuta za Shigo na hesabu hii zikiwekwa pamoja, jambo kubwa hujitokeza. Mti uliojeruhiwa ukiwa na kipenyo cha sentimita 30 waweza kukua hadi sentimita 60, huku ubovu wake ukibaki ndani ya zile sentimita 30 za zamani. Mti huo una uvungu wa nusu ya kipenyo, nao bado ni imara. Lakini ukijeruhiwa upya leo, ubovu hupata mlango ndani ya mbao mpya iliyokuwa ikiubeba. Kwa maneno mengine, jeraha la kwanza mti huweza kulistahimili. Hatari huja kwa majeraha yanayorudiwa.

Majeraha yanayotokana na mikono ya watu

Majeraha mengi ya miti ya mjini hayaletwi na upepo. Huletwa na shughuli za kila siku, na nyingi kati yake zinaweza kuepukwa.

Moto wa jikoni na uchomaji wa taka. Jiko likiwekwa kwenye shina, joto huliua tabaka hai la upande ule. Gome hubaki mahali pake kwa miezi kadhaa, kisha hubanduka na kuacha mbao wazi. Maji ya moto, mafuta ya kukaangia na maji yenye sabuni au chumvi yanayomwagwa shinani huidhuru mizizi.

Kubandua magome kwa ajili ya dawa. Mwarobaini huathirika zaidi, kwa kuwa jina lake lenyewe humtangazia kila mtu sifa ya kutibu maradhi 40. Gome likibanduliwa kuuzunguka mti wote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki mizizini, na mti hufa taratibu ukiwa umesimama.

Mitaro ya mabomba na misingi ya nyumba. Mizizi mingi hukaa karibu na uso wa ardhi na hutawanyika mbali kupita ncha za matawi. Wajenzi wa Uingereza hutumia kanuni ya kuilinda ardhi kwa umbali wa mara 12 ya kipenyo cha shina: mti wa sentimita 50 huhitaji mita 6 kila upande. Katika vichochoro vya Buguruni umbali huo haupatikani, kwa hiyo kila mtaro unaochimbwa karibu na mti uhesabiwe kuwa ni jeraha, na mti huo uangaliwe kwa miaka kadhaa baadaye. Saruji inayofunika shina hadi gomeni huinyima mizizi hewa na maji.

Ukataji mbaya wa matawi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia ya kuondoa hatari. Mti hukatwa kichwa chote, na mapande manene ya matawi huachwa wazi. Mapande hayo huoza kuelekea chini, huku machipukizi mengi yakitoka kandokando yake kwa haraka. Machipukizi hayo hayakushikamana na moyo wa mti. Hukalia ganda la nje tu. Baada ya miaka michache huwa matawi mazito yaliyoegemea mbao iliyooza. Mti uliokatwa kichwa ili uwe salama huwa hatari kuliko ulivyokuwa kabla ya kukatwa.

Kuukagua mti kama anavyochunguzwa mgonjwa

Ukaguzi wa awali hauhitaji mashine. Hufuata mpangilio uleule ambao mganga huufuata: historia, kutazama, kugusa na kugonga.

Historia. Waulizwe wakazi wa muda mrefu. Mti ulipandwa lini? Umewahi kuangusha tawi? Je, mtaro ulichimbwa karibu nao, nyumba ilijengwa, au moto uliwashwa chini yake? Tawi lililoanguka siku isiyo na upepo ni habari yenye uzito, kwa kuwa baadhi ya matawi makubwa huvunjika mchana wa joto na utulivu.

Kutazama. Mkaguzi auzunguke mti wote, kwanza kwa mbali kisha kwa karibu, akianzia ardhini. Udongo ulioinuka au kupasuka upande mmoja wa shina, hasa kwa mti ulioinama hivi karibuni, ni dalili ya mizizi kung'oka. Mti uliokua ukiwa umeinama tangu mdogo si hoja. Ule uliokuwa wima mwaka jana na leo umeinama ni dharura. Uyoga mgumu unaojitokeza shinani kama rafu unaonyesha kwamba kuvu wamekwisha kuenea ndani, maana uyoga ni tunda tu la kuvu. Njia za udongo za mchwa, unga wa mbao, nyufa, gome lililokufa na majimaji yanayotiririka vyote viandikwe. Juu, yatazamwe matawi makavu, matawi yaliyovunjika na kuning'inia, na panda nyembamba ambamo gome limebanwa katikati ya mashina mawili. Panda ya namna hiyo hupasuka kwa urahisi. Mwisho zitazamwe nyaya za umeme.

Kugonga. Mwaka 1761 tabibu wa Austria Leopold Auenbrugger alichapisha njia ya kukipima kifua cha mgonjwa kwa kukigonga kwa vidole. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba alijua kiasi cha mvinyo kilichobaki pipani kwa kuligonga pipa. Shina la mti hupimwa vivyo hivyo, kwa nyundo ya mbao au ya mpira, kwa kulizunguka na kulipandisha. Mbao nzima hutoa sauti fupi na kavu. Uvungu huitikia kama ngoma. Pale sauti inapobadilika pawekewe alama kwa chaki. Kipande chembamba cha chuma kikiingizwa taratibu katika tundu lililopo tayari huonyesha kina chake, lakini matundu mapya yasitobolewe, kwa kuwa kila tundu huvunja ukuta ambao mti umeujenga. Palipo na shaka, wataalamu wa miti wana vifaa vya kupima ubovu kwa mwendo wa sauti ndani ya shina.

Kuipanga miti kwa uharaka

Hatari ya mti hupatikana kwa maswali matatu yakiunganishwa: una uwezekano gani wa kuvunjika? Sehemu itakayovunjika itamkuta nani? Madhara yatakuwa makubwa kiasi gani? Mti mbovu uliosimama mahali pasipopita mtu unaweza kuachwa uwe makao ya ndege. Mti wenye kasoro ndogo tu, lakini ulio juu ya benchi la wagonjwa, hustahili kushughulikiwa mapema. Wafanyakazi wa idara za dharura hupanga wagonjwa kwa rangi, na mpango huohuo hufaa hapa.

Nyekundu: mti ulioinama ghafla, udongo ulioinuka, ufa unaopanuka, tawi kubwa lililovunjika na kuning'inia, au tawi lililolala juu ya waya wa umeme. Watu waondolewe chini yake saa hiyohiyo na taarifa itolewe siku hiyohiyo.

Njano: uyoga shinani, uvungu wenye mlango, matawi makubwa makavu, panda iliyobana gome, au mti uliochimbiwa mtaro karibu. Mtaalamu auone kabla ya msimu wa mvua unaofuata.

Kijani: mti usio na dalili hizo. Ukaguliwe tena mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na kila baada ya upepo mkali.

Mpangilio huu wa muda una sababu. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania upande wa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema. Tahadhari kama hiyo hutoa muda wa kuwahamisha watu kutoka chini ya mti, lakini si wa kuutibu mti wenyewe.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza, ya haraka na isiyo na gharama, ni kuwahamisha watu. Benchi likisogezwa mita kadhaa, jiko likahamishiwa upande wa pili na kijiwe cha bodaboda kikasogea hadi chini ya mti mzima, hatari hupungua siku hiyohiyo kabla ya msumeno wowote kuletwa. Kwa huduma za mkoba, mizani ining'inizwe kwenye boriti au kwenye tawi nene, bichi, lisilo na ufa, lililogongwa na kukaguliwa asubuhi hiyo.

Hatua ya pili ni kupogoa kwa ustadi. Yaondolewe matawi makavu, yaliyovunjika na yanayosuguana. Tawi likatwe nje kidogo ya uvimbe ulio mahali linapoungana na shina, pasiachwe kisiki kirefu wala pasikatwe kwa kulisawazisha na shina. Tawi zito likatwe kwa mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, wa pili kutoka juu mbele kidogo ili tawi lianguke bila kuchana gome, na wa tatu wa kuondoa kipande kilichobaki. Yasiondolewe zaidi ya takriban robo ya majani mabichi kwa mwaka mmoja. Lami na rangi zinazopakwa kwenye kidonda haziuzuii ubovu, na saruji inayojazwa uvunguni haiurudishii mti nguvu. Huuficha ugonjwa tu.

Kazi hiyo ni ya hatari. Kijana anayepanda mtini na panga bila kamba wala kofia ngumu ndiye mara nyingi huwa majeruhi wa kwanza. Mti ulio karibu na nyaya usiguswe na mtu yeyote mpaka shirika la umeme limezima laini hiyo.

Kuukata mti ni hatua ya mwisho, pale ambapo watu hawawezi kuhamishwa na kupogoa hakutoshi. Ombi lipitie ofisi ya serikali ya mtaa hadi kwa maofisa wa mazingira wa halmashauri ya jiji, na kama mti uko katika hifadhi ya barabara, kwa mamlaka ya barabara husika: TANROADS kwa barabara kuu kama ya Mandela, na TARURA kwa barabara nyingi za ndani. Taarifa iandikwe, iwe na picha, mahali mti ulipo, dalili zilizoonekana na idadi ya watu wanaoutumia. Mti ukikatwa, mwingine upandwe mapema, maana kivuli cha mti mkubwa hakirudi kwa mwaka mmoja.

Mti ukimwangukia mtu

Kwa wakazi na wapita njia:

1. Zitazamwe nyaya kwanza. Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme. Watu wakae mbali, angalau mita 10, na wasimguse majeruhi aliyegusana nao mpaka umeme uzimwe. Aliye ndani ya gari lililoangukiwa na waya abaki ndani, isipokuwa gari likiwaka moto.

2. Yatazamwe matawi ya juu. Tawi la pili huweza kuwafuata waokoaji.

3. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114, au polisi namba 112.

4. Kama kifua au shingo imebanwa na mtu hawezi kupumua, mzigo uondolewe mara moja ikiwa inawezekana kwa usalama. Damu inayobubujika ibanwe kwa kitambaa safi na mkono imara.

5. Majeruhi asiburutwe wala kukalishwa. Kichwa, shingo na mgongo vishikwe katika mstari mmoja, na abebwe juu ya ubao au mlango na watu kadhaa kwa pamoja.

Kwa watoa huduma, majeruhi wa namna hii achukuliwe kuwa ana jeraha la uti wa mgongo hadi uchunguzi uthibitishe vinginevyo, na njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu vishughulikiwe kwa utaratibu wa kawaida wa majeruhi. Jambo moja husahaulika kwa urahisi. Mguu au paja lililolaliwa na shina kwa muda mrefu huharibika misuli, na mzigo ukiondolewa, potasiamu na masalia ya misuli huingia ghafla katika damu. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1941 na Bywaters na Beall kwa majeruhi wa London waliofukiwa na vifusi vya mabomu: walitolewa wakiwa wanazungumza, kisha wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Kwa sababu hiyo, inapowezekana, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaanze kupitia mshipa kabla ya mzigo kuondolewa, lakini uokoaji usicheleweshwe kwa ajili ya dripu. Mtu mzima hupewa takriban lita 1 kwa saa mwanzoni, kisha kiasi hubadilishwa kwa kufuata mkojo, hali ya moyo na miongozo ya kituo. Maji yenye potasiamu, kama Ringer, yaepukwe. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, ganzi, au maumivu makali ya mguu yasiyolingana na jeraha linaloonekana ni sababu ya kumpa rufaa mgonjwa mapema hadi hospitali yenye huduma za upasuaji na usafishaji wa damu. Mgonjwa anayejisikia vizuri saa moja baada ya kutolewa chini ya shina asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kupimwa mkojo, potasiamu na moyo.

Hitimisho

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mti wa mjini hujijengea ukuta wake wenyewe, nao huweza kuishi miaka mingi na ubovu wa zamani maadamu haufunguliwi majeraha mapya. Kazi ya jamii ni kuuacha ukuta huo usivunjwe, kuukagua kwa wakati, na kutowaketisha watu chini ya mti unaotoa dalili.

Kituo chochote cha afya chenye mti uani kinaweza kuanza wiki hii: mfanyakazi mmoja auzunguke mti, agonge shina, atazame matawi, aandike alichokiona katika daftari la usalama wa kituo na kuweka tarehe ya ukaguzi unaofuata. Na kabla ya kliniki ya mkoba kufunguliwa asubuhi, mtoa huduma akishaona mshale umesimama kwenye sifuri, ainue macho kidogo zaidi na kulitazama tawi.